Wasichana Tisa na Kosa Moja

Somo langu la kwanza kazini lilifaulu kwa sababu isiyo sahihi, na ilinichukua wiki nzima kulijua hilo. Naanzia hapo kwa kuwa nyinyi walimu wapya wa idara ya hisabati mliniomba niwaandikie mambo ya darasani. Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja mtazikuta kwenye faili, kama panya hawajazimaliza.

Nilitoka Bungoma na sanduku moja, nikaripoti kwenye shule ya kutwa ya wasichana nyuma ya mtaa wa Shauri Moyo, mahali ambapo madirisha yakiwa wazi unasikia wafua mabati wakianza kazi kabla ya kengele ya kwanza. Mkuu wa idara alinionyesha mlango wa Kidato cha Pili, akanipa chaki tatu na kuniambia nirudishe mbili. Ndani walikuwemo wasichana hamsini na wawili. Nilikuwa nimejiandaa kuwashangaza.

"Siwajui," niliwaambia, "lakini humu ndani wapo wawili waliozaliwa tarehe moja na mwezi mmoja."

Wakacheka. Mwaka una siku mia tatu sitini na tano na wao ni hamsini na wawili tu. Nikawaambia wataje tarehe zao mmoja mmoja, nami nikawa naandika ubaoni. Kwa msichana wa kumi na tisa tarehe ikajirudia: mosi Januari. Tulipomaliza darasa zima, mosi Januari ilikuwa imetajwa mara nne. Nilitoka kifua mbele.

Wiki iliyofuata msichana wa dawati la nyuma alinifuata koridoni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wale wa Januari hawakuzaliwa Januari. Waliandikiwa tu." Wazazi walikuwa wameukumbuka mwaka wakasahau siku, na karani akajaza siku ya kwanza ya mwaka ili foleni isonge. Hesabu yangu yenyewe ilikuwa kweli: watu ishirini na watatu wakikaa pamoja, uwezekano wa wawili kugongana tarehe tayari unapita nusu, na wakiwa hamsini na wawili ni karibu hakika. Lakini ushahidi niliojivunia ulikuwa bandia. Nilifungua daftari nilikokuwa nimenakili tarehe zile, nikawaondoa wale wanne, nikakuta wasichana wawili wa tarehe tisa Agosti. Hapo ndipo nilipopumua. Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga wa jibu sahihi linalokuja haraka.

Aliyenifunza kazi hasa ni Mwalimu Njoroge, mzee wa Murang'a aliyekuwa karibu kustaafu nilipofika. Alikuwa na bikari kubwa ya mbao ya kuchorea duara ubaoni, yenye mguu mmoja uliofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na hakumwazima mtu. Siku moja wakati wa chai ya saa nne alinisogezea karatasi mezani.

"Madam Nekesa, nimethibitisha kwamba kila pembetatu ina pande mbili zinazolingana. Nionyeshe nilipokosea."

Uthibitisho wenyewe ulikuwa mfupi. Unachora pembetatu yoyote. Kutoka kona ya juu unateremsha mstari unaoigawa pembe ile nusu kwa nusu. Kutoka katikati ya msingi unasimamisha mstari wima. Mistari hiyo miwili inakutana mahali fulani. Kutoka hapo ilipokutana unapima kwenda upande wa kushoto na upande wa kulia, na hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, unafika mwisho na kukuta kwamba upande wa kushoto ni sawa na wa kulia. Ni upuuzi, kwani yeyote aliyewahi kuona paa la kibanda lililolala upande mmoja anajua kwamba pembetatu haziko hivyo.

Nilizikagua hatua zile siku tatu. Kila moja ilikuwa sahihi. Nilianza kuwaza kwamba chuo kilinipa cheti kimakosa. Siku ya nne mzee alinionea huruma, akanisogezea bikari yake.

"Umesoma maneno yangu yote," alisema. "Na picha je? Imechorwa na nani?"

Nilichora upya kwa bikari na rula, kwa vipimo, na mistari ile miwili ikakataa kukutana ndani ya pembetatu. Ilikutana nje, chini ya msingi. Mwalimu Njoroge alikuwa amechora kwa mkono, akaiweka nukta ndani, mahali ambapo jicho la kila mtu linapenda iwe. Nukta ikishatoka nje, upande mmoja unapaswa kujumlisha vipande viwili na upande wa pili unapaswa kutoa, na ule usawa wote unakufa. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagikia rejista.

Basi kila mwaka nikawa nawapa Kidato cha Pili pembetatu ile Alhamisi na kuwaacha waumie nayo hadi Jumatatu. Mzee alipostaafu aliniachia bikari yake, nami nikaendelea. Niliongeza na michezo yangu ya uwezekano, na mmoja wao ndio ulioniletea matatizo.

Chukua vikombe vitatu vya plastiki na peremende moja. Mimi naificha peremende chini ya kikombe kimoja na najua ni kipi. Msichana anachagua kikombe bila kukifunua. Kisha mimi nafunua kimoja kati ya vile viwili vilivyobaki, kitupu, na kumuuliza: unabaki na chako au unahamia kile kingine? Karibu kila mtu husema ni mamoja.

"Zii, sihami, Mwalimu," alisema Adhiambo, msichana mrefu aliyekuwa akiongea kabla ya kuinua mkono. "Vimebaki viwili. Ni fifti-fifti. Kuhama ni kujisumbua."

Tulicheza mara arobaini, nusu wakibaki na nusu wakihama, na matokeo nikayaandika ubaoni. Waliobaki walipata peremende mara saba. Waliohama, mara kumi na tatu. Chaguo la kwanza huwa sahihi mara moja kwa tatu tu, kwa hiyo mara mbili kwa tatu peremende iko kule usikoshika, na mimi kwa kukufunulia kitupu nimekuonyesha ni wapi. Adhiambo alitaka tucheze mara mia. Kengele ikamnyima.

Kesho yake asubuhi mama yake alikuwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alikuwa akiuza mitumba katika soko la Gikomba na alikuja na leso yake ya kazi ikiwa imefungwa kiunoni, kuonyesha kwamba hakuwa na muda wa kupoteza.

"Ni wewe unaitwa Mwalimu Nekesa? Mimi nimekuja na swali moja tu. Sisi ni watu wa kanisa. Ni ukweli unafundisha watoto wetu kamari?"

"Si kamari, Mama Adhiambo. Ni hisabati."

"Vikombe tatu na kubahatisha? Hata pale stendi wako na hiyo hisabati, na polisi huwafukuza."

Nilitoa vikombe vyenyewe. Nilimwomba acheze mara moja tu, mwalimu mkuu akiwa ametusimamia mlangoni. Mama alishika kikombe cha kushoto. Nikafunua cha katikati, kitupu. Kabla sijauliza swali, alikuwa ameshaachilia chake na kushika cha kulia.

"Mbona umehama, mama?"

"Si wewe unajua penye iko? Umeniruka huku ukafunua kule. Hiki changu niliokota tu macho yakiwa yamefungwa, lakini hicho kingine umekiacha ukijua." Akakifunua. Peremende ilikuwa pale. Aliifungua, akaila, akasema, "Hiyo ni kitu ya sokoni, si ya shule," na akaenda zake akiwa ameridhika kabisa.

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za maelezo ya fumbo lile, na hakuna ulionieleza vizuri kama mama yule kwa sentensi tatu. Lakini mwalimu mkuu hakuridhika. Aliniita ndani, akafunga mlango.

"Nekesa, wazazi wakianza kusema kamari, hawataacha. Silabasi imalizwe. Michezo basi."

Nilitii. Na mwaka ule, kwa kuwa pembetatu ya Mwalimu Njoroge nayo ilikuwa mchezo, sikuwapa akina Adhiambo. Nawaambieni hili waziwazi, kwa sababu katika kisa kinachofuata hilo ndilo kosa langu.

Walipofika Kidato cha Nne walifanya mtihani wa majaribio wa pamoja, shule kadhaa za Eastlands zikiandika karatasi moja na walimu wakibadilishana kusahihisha. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alinipa barua. Wasichana tisa wa darasa langu walikuwa wameshtakiwa kwa udanganyifu. Swali la kumi na saba lilihusu pembetatu yoyote, pembe ya juu igawanywe mara mbili na mstari wima uinuliwe kutoka katikati ya msingi. Sehemu ya pili iliuliza uhusiano wa pande zake mbili, wa kushoto na wa kulia. Wote tisa waliandika kwamba zinalingana. Na si jibu tu: hatua nne zilezile, kwa mpangilio uleule, na nukta ya katikati ya msingi wote wameiita M.

Kamati ikiwapata na hatia, alama zao za hisabati zingefutwa na neno "udanganyifu" lingeandikwa kwenye vyeti vyao vya kumaliza shule. Nyinyi mnajua cheti hicho kinavyofuata mtu. Msichana wa Shauri Moyo akibisha mlango wa chuo au wa kazi, huwa hana karatasi nyingine ya kumtetea.

Niliwaita wote tisa maabara. Walikuwa wamelia mpaka sauti zimekauka. Nilipotazama karatasi zao, niliijua ile picha kabla sijasoma neno: nukta ndani ya pembetatu, imechorwa kwa mkono. Walikuwa wameanguka kwenye shimo lile nililoanguka mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kuwaonyesha lilipo.

"Mwalimu, aki ya Mungu hatukuibiana," alisema Wambui, msichana mdogo mwenye miwani aliyekuwa wa kwanza darasani.

"Nitakwenda mbele ya kamati," nilisema. Sikuwaahidi zaidi ya hapo.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu wa shule jirani, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Kushoto kwake alikaa mwalimu wa fizikia, na kulia mama aliyesahihisha swali lile na kuripoti. Mwenyekiti alikuwa amefanya hesabu.

"Mwalimu Nekesa, wewe ni mtu wa namba. Tuseme mtahiniwa mmoja kati ya kumi anaweza kukosea namna hii. Tisa wakikosea vilevile, unazidisha moja ya kumi mara tisa. Unapata moja kwa bilioni. Utaniambia hii ni bahati?"

"Hapana, bwana mwenyekiti. Si bahati. Lakini huko kuzidisha kunafaa tu kama hakuna kitu kimoja kinachowasukuma wote. Mvua ikinyesha ghafla hapo nje, watu mia watafungua miavuli kwa dakika moja. Utasema wameigana?"

"Na mvua hapa ni ipi?"

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo. Likishindikana, ningekuwa nimewazika wasichana wale kwa mikono yangu.

"Naomba kila mmoja wenu achukue karatasi tupu ajibu sehemu hiyo ya pili. Bila kutazamana. Dakika kumi."

Mwenyekiti alicheka. "Sisi si watahiniwa, Mwalimu."

Lakini mwalimu wa fizikia alikuwa ameshachukua kalamu. Watu wa fizikia hawawezi kuona swali wakaliacha. Mwenyekiti alimtazama, akavuta karatasi. Mama msahihishaji naye akaandika, ingawa alikuwa na majibu kwenye mwongozo wake. Nilisimama dirishani nikawapa mgongo, nikahesabu mabati ya paa la choo.

Walipomaliza niliziweka karatasi tatu mezani, na kando yake karatasi ya Wambui. Ya mama msahihishaji ilikuwa sahihi. Ya mwalimu wa fizikia ilikuwa na hatua nne, mstari kwa mstari kama za Wambui. Ya mwenyekiti ilikuwa na hatua nne hizohizo, na nukta ya katikati ameiita M.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeanza, akicheka pole pole na kujipiga paji la uso. Mwenyekiti aliitazama karatasi yake kama mtu aliyeletewa barua isiyokuwa yake.

"M ni ya midpoint, nukta ya katikati," alisema hatimaye. "Nani asiyeandika M?"

"Ndivyo ninavyosema, bwana mwenyekiti."

Mama msahihishaji aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, kama kuna mtu aliyetazama karatasi za shule nyingine. Hakuna. Yeye alikuwa amepewa shule yetu peke yake, akaona tisa, akashtuka. Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na mafungu mawili. Alisoma karatasi moja moja tukimtazama. Katika fungu la kwanza alikuta saba wenye jibu lile. Aligeuza jalada kuona jina la shule, kisha akamsogezea mwenyekiti bila kulisoma. Ilikuwa shule ya mwenyekiti mwenyewe.

Mashtaka yalifutwa mchana uleule. Mwenyekiti alinishika mkono mlangoni, akaniomba nimchoree ile picha kwa bikari. Nilimwambia achore mwenyewe, atakumbuka zaidi. Huenda ulikuwa utovu wa adabu. Sijutii.

Jumatatu nilirudi darasani na bikari ya mzee Njoroge, nikawachorea Kidato cha Nne pembetatu ile kwa vipimo, miaka miwili baada ya siku niliyopaswa kuwachorea. Nukta ilipotoka nje, chini ya msingi, darasa zima liliguna. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani. Baadaye alinipitia chumba cha walimu akasema vikombe vinaweza kurudi, ila peremende ziwe za kutosha wote. Tangu hapo, mpaka siku yangu ya mwisho, hakuna Kidato cha Pili kilichopita mikononi mwangu bila kudanganywa Alhamisi na kufunguliwa macho Jumatatu. Hilo ndilo ninalojivunia katika kazi yangu, na kama kuna mtu anataka kuliita majivuno, aliite.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi, na kila mara nimesema wasichana tisa wasio na hatia. Mwezi uliopita mliponiandalia chai ya kuniaga pale ukumbini, Adhiambo alikuja. Sasa ni mhandisi wa majengo, mama wa watoto wawili, bado mrefu, bado anaongea kabla ya kuulizwa. Alinivuta kando karibu na jukwaa.

"Mwalimu, kuna kitu nimekaa nayo. Ile siku ya wale tisa. Wanane walikosea wenyewe. Mimi sikujua hata pa kuanzia. Niliangalia kwa Wambui."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu. "Mbona hukuniambia?"

"Ulitoka kwa hiyo kamati ukicheka, Mwalimu. Hatukuwa tumewahi kukuona ukicheka hivyo. Ningeanzia wapi?"

Nilirudi nyuma kichwani, neno kwa neno, mpaka kwenye meza ya kamati. Je, niliwaambia kwamba hakuna aliyeiga? Sikusema. Nilisema kosa kufanana hakutoshi kumjua aliyeiga, na hilo ni kweli hata leo. Lakini moyoni niliwaamini wote tisa, na moyoni nilikosea kwa mmoja.

"Ungejua, ungetutetea?" aliuliza.

"Wale wanane, kwa maneno yaleyale. Wewe ningekupeleka mwenyewe mbele ya mwenyekiti ukaseme, kisha ningerudi kukaa na wewe kila siku baada ya vipindi mpaka ulijue lile swali kuliko jina lako."

"Niliijua ile Jumatatu," alisema. "Uliposema tusiamini picha. Nilikuwa nimeiba kitu na hata hicho kitu kilikuwa kibovu. Niliona aibu mara mbili." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo, "Wiki iliyopita nilisimamisha kazi ya mjengo huko Kware. Walikuwa wamefika ghorofa ya tano. Mwenye jengo alikuwa na michoro safi kabisa, rangi na kila kitu. Nikawaambia walete futi ya kupimia. Nguzo mbili za chini hazikuwa zimekaa penye michoro inasema. Amenitukana mbele ya vibarua wake wote."

"Ulipima mara ngapi?"

"Tatu, Mwalimu. Ya tatu nilimpa fundi wake apime mwenyewe."

"Akapata?"

"Akapata hivyo hivyo. Kisha akaanza kuwashusha watu kutoka huko juu."

Kule mbele walikuwa wakiniita nikakate keki. Nilimshika Adhiambo mkono, tukapita katikati ya ukumbi pamoja, na nikamsogezea kiti kwenye meza ya walimu.